Msimu Mwanangu Alipokuwa Kapteni

Crane Fork, Illinois, 1862

14 Julai
Ngano imeiva kuliko nilivyotaka na mvua hakuna. Mwanangu Asa na Lute Yandell wa jirani wamekata shamba la chini mpaka mpini wa mundu ukavunjika, wakakaa kivulini wakilaumiana nani aliuvunja.

Adhuhuri mwanangu mkubwa, Leander, alifika kutoka Marlow na kigari chake, kola nyeupe, viatu vinang'aa. Ni wakili pale mahakamani, na ameshakaa vipindi viwili kwenye baraza la jimbo, lakini mimi nikimwona anakuja bado natafuta kitambaa cha kumfuta pua. Alimtazama mdogo wake aliyelowa jasho akamwambia, "Asa, hii ngano inakupenda."

"Inanipenda kwa sababu wewe uliikimbia," Asa akamjibu.

Wakacheka. Baba yao alipokufa, Leander ndiye aliyemfundisha Asa kuogelea, kusoma, na kumdanganya mwalimu kidogo inapobidi. Mezani alisema Rais anataka askari wengine wa kujitolea kupigana na waasi wa Kusini, na yeye atakusanya kombania nzima kutoka wilaya yetu. Asa akaacha kutafuna. Nilijua papo hapo kwamba atakwenda. Nilimwongezea mkate wa mahindi.

15 Julai
Ngano. Mgongo.

24 Julai
Leo kumefanyika jambo mezani kwangu na ninataka liandikwe.

Dorcas Yandell alikuja jioni. Ni jirani yangu na dada yangu katika kanisa la Methodisti, mjane kama mimi, na Lute ndiye mtoto pekee aliyembakia. Wavulana wote wa Crane Fork wanataka kujiandikisha, wakitofautiana tu juu ya nani awe kapteni. Wengi walikuwa wanamtaja Obed Rusk, mhunzi, aliyepigana Mexico akarudi na sikio moja. Leander naye anautaka ukapteni.

Dorcas alikataa kiti. "Wakili," akamwambia, "kusema najua unajua. Mimi nataka kujua kama unajua kubaki."

Leander akainuka, akaweka mkono juu ya Biblia ya baba yake. "Nitakwenda nao, Bibi Yandell. Sitaukanyaga mlango huu kabla ya wao kurudi. Na Asa hatatoka ubavuni mwangu."

Dorcas hakumtazama tena. Alinigeukia mimi. "Dada Keziah, huyu ni wako. Wewe ndiye unayemjua. Niambie."

Nikamwambia mwanangu ana makosa yake, lakini hasemi uongo mkono wake ukiwa pale. Dorcas akashusha pumzi, akakubali kahawa.

26 Julai
Uchaguzi wa kapteni, kwenye nyasi za mahakama. Leander na Obed walisimama mbalimbali, na kila mvulana akaambiwa ajipange nyuma ya amtakaye, kama ilivyo desturi.

Obed alisema kwanza. "Vita nimeviona. Vinanuka. Mkinichagua nitawafundisha kulala chini, kunyamaza, na kujaza maji kabla ya kitu kingine chochote." Akakaa. Watu wakangoja aendelee, kumbe amemaliza.

Kisha Leander. Sitaweza kuyaandika yote. Alisema juu ya Muungano na makaburi ya babu zetu, na juu ya utumwa, kwamba ni dhambi na kwamba anayeivumilia dhambi anaila mezani pake. Wanawake walilia. Mimi pia nililia, nami nimemsikia mtu huyu, akiwa mtoto, akijitetea kwa nini amekula sukari ya jirani, kwa sauti ileile.

Asa alikuwa wa kwanza kusimama nyuma ya kaka yake. Lute akamtazama mama yake. Mama yake akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Lute akaenda, na baada ya hapo wakaenda wote. Nyuma ya Obed walibaki wanaume wachache wenye mvi.

Obed hakununa. Alimpigia saluti Leander akapewa uluteni. Aliponipita alisema kwa upole, "Bibi Tackett, tumechagua kapteni kama tunavyochagua mbunge." Nikamcheka, nikamwambia aliyeshindwa hakosi la kusema.

2 Agosti
Sare ya Leander imeletwa na fundi. Ina vifungo vingi kuliko ng'ombe wangu alivyo na inzi.

19 Agosti
Wameondoka. Bendi ilipiga wimbo mmoja mara nyingi kwa sababu hawajui mwingine. Leander alikuwa juu ya farasi, Asa chini, karibu na mguu wa kaka yake, kama alivyoahidiwa. Lute alikuwa amefunga kikombe cha bati cha mama yake mkandani, kinagonga kila anapopiga hatua. Dorcas akasema, "Angalau nitamsikia mpaka kona." Tukamsikia mpaka kona.

31 Agosti
Bado jua. Kisima kinatoa tope. Asa ameandika kutoka kambini: "Kapteni analala hotelini kwa sababu ya kifua chake. Obed ndiye anatufundisha. Lute anapika maharage, na kila siku anagundua namna mpya ya kuyaharibu."

Leander tangu azaliwe hajaugua kifua.

13 Septemba
Mgombea wa chama chetu kwenye Bunge la Washington amekufa kwa homa ya matumbo, na chama kinatafuta mwingine. Dorcas alikuja kuazima chachu ya mkate, akasema mlangoni, "Nasikia wanamtafuta mtu mwenye vifungo."

Nikamwambia aache uchokozi. Akasema hachokozi mtu, anaazima chachu tu. Nilimpa kidogo kuliko kawaida.

21 Septemba
Nilikuwa namwagilia kabichi maji ya kuoshea vyombo nikasikia kigari. Leander alishuka akiwa na sare, amenenepa.

"Mama, usinitazame hivyo. Ni likizo tu."

"Likizo ya nini? Nani mgonjwa?"

"Taifa, Mama."

Ni kweli, wamemteua. Alinieleza yote mezani, polepole, kama ninavyodhani anavyowaeleza wazee wa baraza pale mahakamani. Kwamba kapteni anaweza kuwatunza wavulana mia moja, lakini mbunge atawaletea viatu na mahema wote wa Illinois. Kwamba hajajiuzulu, atajiuzulu akishinda tu. Kwamba kombania iko mikononi mwa Obed, ambaye, akasema, ndiye waliyemtaka tangu mwanzo.

"Na Asa?"

"Asa ni sajini sasa. Nilimpandisha cheo kabla ya kuondoka."

"Sijakuuliza cheo chake. Nimekuuliza yuko ubavuni mwa nani."

Akaitazama Biblia pale rafuni, akaondoa macho. "Mama, mtu huapa kwa anachokijua siku ile."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilipaswa kumtoa nje, akale kwa hao waliomteua. Badala yake nikampakulia tena, kwa sababu alikuwa amesafiri mbali na kwa sababu alisema nyama ya moshi ya hotelini si kama yangu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama yangu aliniimbia hilo, nami nikawaimbia wengine.

22 Septemba
Dorcas alipita barabarani akitazama mbele tu.

4 Oktoba
Nilikwenda kumsikiliza Leander kwenye zizi la mnada upande wa kusini wa wilaya. Rais ametangaza kwamba mwakani watumwa wa waasi watakuwa huru, na wakulima wa huko wamechukia. Leander alisema juu ya bei ya mahindi, kisha juu ya reli, kisha akasema suala la watumwa ni zito, linahitaji kutazamwa taratibu.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya ua akamwuliza, "Kapteni, mwezi wa saba ulituambia ni dhambi. Dhambi nayo imechukua likizo?"

Watu walicheka sana. Leander alicheka kuliko wote, akamwita mzee rafiki yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama lile nililolilia mwezi wa saba lilikuwa lake, au alikuwa ameliazima tu kama sisi tunavyoazimana chachu.

9 Oktoba
Nimevuna maboga. Vumbi kila mahali.

14 Oktoba
Mchungaji alikuja na farasi. Nilimwona tangu kilimani, nikaenda kusimama langoni kwangu nikiwa nimeshika nguzo. Alinipita. Alipita bila kugeuza kichwa, akaingia kwa Dorcas, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Kisha akarudi kwangu. Wamepigana Kentucky, siku nzima, kwenye vilima ambako hakuna maji. Wavulana wetu hawakuwa wamefundishwa hata majuma manane. Obed ndiye aliyekuwa mbele yao. Lute amekufa. Asa amepigwa risasi mguuni, yuko hospitali ya jeshi Louisville, yu hai.

Nilikwenda kwa Dorcas kwa njia ya nyuma. Alikuwa anachimba viazi. Ardhi ni ngumu kama sakafu mwaka huu, uma wa kuchimbia ulikuwa unadunda.

"Nani alikuwa mbele yao?" akaniuliza.

"Obed."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Haya," akasema, akaendelea kuchimba. Nikapiga magoti nikaokota viazi. Nilitaka kumwambia pole lakini nani mimi wa kumpa pole, mimi niliyeitikia kwa kichwa. Tulijaza ndoo. Mwishoni akaipima kwa mkono akanigawia nusu, kama tunavyofanya kila mwaka, na hilo likaniumiza kuliko kama angenipiga.

16 Oktoba
Nilikwenda ofisini kwa Leander, Marlow. Alilia, na nilimwamini. Alisema Lute alikuwa kama mdogo wake wa pili.

Nikamwambia, "Ninakwenda Louisville kumchukua Asa."

"Mama, hospitali ya jeshi si shule ya Jumapili. Hawamtoi askari akapewa mama yake. Lazima itoke amri ya Gavana."

"Basi iombe. Wewe si unawajua wote?"

"Nitaiomba leo. Ukienda bila amri watakurudisha langoni, na utaniharibia. Niachie mimi."

Nikamwachia. Yeye ndiye anayejua sheria katika nyumba yetu.

20 Oktoba
Barua kutoka kwa Asa, kwa mwandiko wa muuguzi. Risasi imetolewa, kidonda hakinuki. Anasema Obed alimbeba. Anasema hawakuwa na maji tangu jana yake, na kulikuwa na dimbwi kwenye kijito kikavu, na Lute aliteremka na kikombe kuwatafutia. Walimkuta amelala ukingoni ameshika kikombe, na ndani yake mlikuwa bado na maji. Obed aliyagawa, kila mtu akalowesha ulimi. "Usimwambie Mama Yandell habari ya kunywa," anasema, "sijui ataionaje."

Leander alipita jioni nikampa aisome. Aliisoma mara mbili karibu na taa, midomo ikicheza. Nilidhani anasali.

22 Oktoba
Nimemwuliza juu ya amri. Bado.

24 Oktoba
Kumenya mahindi ghalani kwa akina Rusk, mke wa Obed ndiye mwenyeji. Wasichana na wazee watupu. Binti mmoja alipata hindi jekundu, na kwa desturi anayepata hindi jekundu hubusiwa. Alilitazama, akatutazama sisi wanawake wazima, akalitupa kwenye lundo kama mengine. Hakuna aliyetania.

Dorcas alikuja, akamenya upande wa pili wa ghala.

28 Oktoba
"Gavana ana mambo mengi, Mama." Bado.

1 Novemba
Mkutano mkubwa wa mwisho, Marlow. Walichoma ng'ombe mzima. Leander alikuja kunichukua mwenyewe. Aliniletea kofia mpya nyeusi, akasema nikae jukwaani, kiti cha kwanza.

"Sikai mbele za watu kama sanamu," nikamwambia.

"Mtu wa Gavana atakaa kando yako. Akikuona kwa macho yake, suala la Asa haliwezi kulala tena. Kaa tu, Mama. Husemi kitu."

Nikakaa. Mtu wa Gavana alitafuna tumbaku, akaniuliza kama ninafuga kuku. Nikamwambia nina mtoto Louisville. Akasema Louisville ni mji mzuri.

Kisha Leander akasimama, vifungo vyote vimefungwa, akaanza juu ya Kentucky. Alisema, "Tulikuwa hatujaonja maji." Alisema, "Pale kwenye kijito kikavu tulimwona mtoto wa mjane ameanguka ukingoni. Nilimwinamia. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, rafiki zangu, na hakikuwa kimemwagika."

Wanaume walivua kofia. Ilikuwa barua ya Asa, karibu neno kwa neno, iliyosomwa kwa taa yangu.

Dorcas alikuwa mstari wa mbele, na hakuwa anamtazama Leander. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, hata mtoto angeisema: huyu hakuwepo. Nilifungua mdomo. Mtu wa Gavana akageuka kunitazama, nikaiona amri ya Asa katika mfuko wake wa koti kana kwamba imekwisha andikwa, nikaufunga mdomo. Watu walipopiga makofi, mikono yangu ilikaa magotini. Hilo ndilo lote nililoweza kumfanyia Lute.

Dorcas alinikuta penye magari ya farasi. Hakupandisha sauti.

"Kikombe cha mwanangu, Dada Keziah. Hata kikombe umempa."

"Ni kwa ajili ya Asa. Atamwombea amri."

"Mimi nilimwuliza mtu mmoja tu katika dunia hii," akasema. "Sikumwuliza Leander. Nilikuuliza wewe."

Nimerudi nyumbani, nimeitupa kofia jikoni motoni. Imetoa moshi mwingi mweusi, na paka amekimbia.

4 Novemba
Wanaume wamepiga kura. Mvua ya kwanza tangu Julai, ya kunyunyiza tu.

6 Novemba
Ameshinda. Jana usiku walipita na mienge mpaka kwenye lango langu na bendi ikapiga wimbo wake uleule. Sikutoka.

Asubuhi nilikwenda ofisini kuchukua amri. Ofisi imefungwa. Jirani yake, mwuza tandiko, akaniambia, "Mheshimiwa amekwenda mji mkuu kushukuru wakubwa, mama. Atarudi juma lijalo." Nikamwuliza kama aliacha kitu kwa ajili yangu. Mtu yule alitafuta mpaka chini ya mkeka wa mlangoni, kwa huruma tu.

Ninakwenda hivyo hivyo. Wakinirudisha langoni nitalala langoni. Sikuwa na mtu wa kumwachia ng'ombe, lakini nilipokuwa nafunga mkoba nilimwona Dorcas zizini kwangu na ndoo. Sijui nani alimwambia. Alikamua, akaweka maziwa kizingitini, akaenda.

9 Novemba, Louisville
Treni, feri, kisha miguu. Hospitali ni ghala la tumbaku lililopangwa vitanda. Hakuna aliyenizuia langoni. Mlinzi alivua kofia akaniuliza namtafuta nani, akanionyesha ngazi. Hivyo tu.

Asa ni mweupe kama unga. Aliponiona alivuta blanketi kwa haraka, lakini nilikuwa nimeshaona kwamba upande mmoja blanketi linalala bapa kuanzia juu ya goti.

Daktari alikuja, kijana aliyechoka. Nikamwambia, "Naomba radhi, bwana daktari, sina amri ya Gavana."

"Amri ya nini, mama?"

"Ya kumtoa mwanangu."

Alinitazama kama mtu anayeogopa kuendelea. "Mama, majeruhi anayeweza kusafiri tunampa yeyote wa kwao anayekuja. Tunawaombea waje, hatuna nafasi. Kasisi wetu alimwandikia kaka yake, yule kapteni, majuma mawili kabla ya uchaguzi wenu. Kidonda kilikuwa safi. Tulimwambia amchukue upesi kabla ugonjwa wa humu haujamwingia." Akashusha sauti. "Ulimwingia. Mguu tumeukata Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa mlangoni kwa Leander, mwuza tandiko akinitafutia amri chini ya mkeka.

Asa alisikia yote. Nilipokaa kitandani kwake alisema, "Nilidhani hamkutaka kuniona hivi."

"Sikujua, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua."

"Kaka hakuipata hiyo barua?"

Nikamweka sawa blanketi. Akasema, "Atakuwa hakuipata. Kaka hawezi." Akasinzia akiwa ameshika kidole changu kama alipokuwa mchanga. Na mimi nikakaa pale nikimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba barua iwe imepotea njiani.

13 Novemba
Nyumbani. Asa alilala njia nzima. Moto ulikuwa umewashwa na mahindi yangu yote yamemenywa, yamepangwa. Nilikwenda kwa Dorcas. Nilimwambia kila kitu pale pale nje: barua, midomo iliyocheza, mlinzi aliyevua kofia, Alhamisi. Nikamwambia pia habari ya maji, kwamba wenzake Lute waliyanywa, ingawa Asa alinikataza.

Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. "Wote walipata?" akauliza.

"Kila mmoja alilowesha ulimi."

"Asa pia?"

"Asa pia."

Akafuta uso kwa aproni. "Sijakusamehe, Keziah," akasema. Hakuniita dada. "Lakini kesho nitakuja kumwona."

16 Novemba
Amekuja Leander, jioni hii, na mguu mzima wa nyama ya nguruwe kutoka kwa wapiga kura wake. Koti jipya, la raia. Nilimzuia jikoni.

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Nilijua la kumwambia: kwamba alimweka Asa kule makusudi, kwa sababu ndugu aliyeko hospitali ya vita ana kura nyingi kuliko ndugu aliyeko kitandani kwa mama yake. Nilimwambia. Akabadilika rangi.

"Hapana, Mama. La, si hivyo. Barua ya kasisi niliipata nikiwa safarini, kati ya mkutano na mkutano. Nikaiweka kwenye koti nije nikwambie. Kesho yake nikavaa sare." Alikaa kwenye kiti cha baba yake. "Nilisahau."

"Na amri ya Gavana?"

"Nilikuwa nitaiomba. Kila siku nilikuwa nitaiomba."

Machozi yake yalikuwa ya kweli. Namjua. Alidhani ameniambia jambo la kumpunguzia kosa, na alikuwa ananitazama kama anavyowatazama wazee wa baraza kabla ya hukumu. Nami nilikuwa na hasira ya kutosha kwa mtu mwenye hila. Hila ningeipiga vita mpaka nizikwe. Lakini alimsahau. Alimfundisha kuogelea, akamweka kwenye mfuko wa koti, akabadilisha koti.

"Mimi usiniambie," nikamwambia. "Yuko chumbani, hajalala. Nenda ukamwambie yeye ilivyokuwa."

Akainuka. Alikwenda mpaka mlango wa chumba, ukiwa wazi kidogo, mwanga wa mshumaa unatoka. Alisimama na kofia mkononi. Nilimwona akivuta pumzi kama avutavyo jukwaani. Nilimwona akiliona blanketi.

"Nani yuko hapo, Mama?" Asa akauliza kutoka ndani.

Nilingoja Leander ajibu. Sauti yake hujaza uwanja wa mahakama mpaka farasi wakageuka. Midomo ilicheza, akavaa kofia, akanipita bila kunitazama, na nikasikia kigari kikitoka langoni.

"Mama? Ni nani?"

Nikaingia, nikamtengenezea mto.

"Mbunge wetu," nikamwambia. "Alikuwa anapita tu."